Bowa wa barabara ya Likasi na supu nzito ya nyumbani



Mwezi wa kwanza, mvua inaponyesha asubuhi na jioni, daftari langu la mahudhurio huwa na nafasi nyingi tupu. Mtoto mmoja ana malaria, mwingine njia ya mtaa wao imejaa maji. Lakini mwaka huu kulikuwa na msichana wa darasa la sita ambaye alikosekana kwa utaratibu: kila Ijumaa na kila Jumatatu. Siku ya Jumanne alirudi na macho mekundu kwa usingizi, kucha zimejaa udongo mweusi. Nilipomuuliza, alitazama chini. Basi nikamwandikia mama yake barua, na barua yenyewe ilikuwa kali. Nilimkumbusha kwamba mwisho wa mwaka mtoto atafanya mtihani wa serikali, na kwamba mwalimu hawezi kumfundisha mtoto asiyekuwapo.

Mama hakujibu kwa barua. Alikuja mwenyewe saa ya kutoka, amebeba beseni iliyofunikwa kwa kipande cha kitenge.

"Madamu," akaniambia, "mtoto alinisomea maneno yako. Sikukasirika. Lakini mambo mengine hayaelezwi kwenye mlango wa shule. Jumamosi twende pamoja, uone kwa macho yako."

Akafunua beseni. Ndani mlikuwa na bowa mdogo wa manjano, ule ambao wengi wetu hapa tunauita bwitondo, bado una unyevu wa msitu na harufu kama ya tunda lililoiva. Nikaelewa nusu ya jambo. Nusu nyingine niliifuata Jumamosi.

Tulitoka Lubumbashi kabla ya mapambazuko, mimi, yule mama na binti yake, tumebanana katika basi dogo. Barabara ya Likasi mnaifahamu: kilomita zipatazo 120 kati ya miji miwili, malori ya shaba yanapishana mchana na usiku. Kulipokucha nilianza kuona yale ambayo mtu akipita haraka hayaoni. Vichuguu virefu kama nyumba vimesimama katika mashamba ya mahindi. Magunia ya makala yamepangwa kandokando, vichwa vyake vimefungwa kwa majani na kamba. Na kati ya magunia, wamama wenye mabeseni ya bowa, mmoja anapunga mkono, mwingine anamnyonyesha mtoto chini ya mwavuli. Kiangazi mnapita hapo msione beseni hata moja. Mvua zikishika, hasa kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, barabara nzima inageuka soko.

Tulishuka kabla ya kufika Luishia. Nilidhani msitu uko pale pale nyuma ya nyumba. Yule mama akacheka kidogo.

"Nilipoolewa huku ulikuwa pale," akasema, akionyesha shamba la muhogo lililojaa visiki. "Nilikuwa ninaacha chungu motoni, ninachuma, ninarudi kabla maji hayajachemka. Sasa tutatembea."

Tulitembea zaidi ya saa mbili. Njia ilipita katika visiki, halafu vichaka vifupi, halafu tena visiki. Mahali pengine ardhi ilikuwa nyeusi kwa duara kubwa, pale ambapo tanuru la makala liliwaka. Nilikanyaga mojawapo na yule mama akasimama.

"Hili ni la baba wa mtoto," akasema bila kuficha. "Kiangazi yeye anachoma makala. Masika mimi ninatafuta bowa. Pale alipochoma, mimi sina tena sababu ya kwenda. Kila mwaka ninatembea mbali zaidi, ndiyo maana tunalala huku kwa shangazi yake, ndiyo maana mtoto anakosa Ijumaa na Jumatatu. Peke yangu siwezi kubeba yote."

Sikuwa na jibu. Nyumbani kwangu napika kwa mbabula, na makala yangu yanatoka katika barabara ile ile.

Hatimaye tukafika kwenye miti mikubwa, mitobo na misamba, na chini yake ardhi ilikuwa laini kama godoro. Hapa niruhusuni nivae koti langu la ualimu dakika moja, kwa sababu jambo hili kila mama anapaswa kulijua. Bowa tunaouona juu ni kama embe juu ya mwembe. Mwili wenyewe uko chini ya ardhi, nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kwa bowa wetu mwingi wa msituni, kama bwitondo, tente na kabansa, nyuzi hizo zimefungamana na mizizi ya miti. Mti unazilisha sukari unayotengeneza kwa majani yake, nazo zinauletea mti maji na chakula cha ardhini. Ukikata mti, nyuzi zinakufa njaa, na bowa hauoti tena mahali hapo mpaka miti ikue upya. Ndiyo sababu hakuna aliyeweza kuulima bustanini kama mchicha.

Uyoga mweupe wa makopo unaouzwa katika maduka makubwa ni mwingine. Ule unakula mbolea na majani yaliyooza. Wafaransa waliulima katika machimbo ya mawe chini ya mji wa Paris tangu karne ya 19. Wetu unahitaji mti ulio hai. Na ule mkubwa kabisa unaoota juu ya vichuguu, ambao kofia yake inaweza kufika karibu mita moja, unahitaji mchwa: mchwa ndio wanaoulisha na kuutunza ndani ya nyumba yao. Kwa hiyo anayebomoa kichuguu ili afyatue matofali anabomoa pia shamba la bowa.

Tukaanza kuchuma. Yule msichana ambaye darasani hasemi mpaka aitwe, kule msituni alikuwa mwalimu. Aliinama, akasukuma majani kwa fimbo, akachuma kwa kisu, akafukia shimo kwa majani yale yale. Mimi niliona bowa mzuri, mweupe, kofia pana, nikafurahi, nikauweka katika beseni.

"Madamu, huo hapana."

Niliulinganisha na tente aliyokuwa nayo mkononi. Wallahi, sikuona tofauti. Yeye akaugeuza, akautazama shina mpaka chini, akaunusa, akautupa mbali. Halafu akamwaga beseni langu lote juu ya kitenge na kukagua mmoja mmoja. Vipande nilivyovunja aliviacha kule kule, kwa sababu uyoga uliovunjika hauwezi tena kutambulika vizuri. Siku ile mimi ndiye niliyepata sufuri.

Kwa hiyo, wamama, sitawaandikia hapa alama za bowa mzuri na mbaya. Alama hizo hazisomwi katika karatasi. Nimemwona mtu mwenye diploma akikosea mbele ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Ninachoweza kuwaandikia ni haya:

Yale ya kijiko cha fedha kinachogeuka cheusi, ya kitunguu kinachobadilika rangi, ya bowa ulioliwa na konokono au wadudu kuwa salama, yote si kweli. Konokono anaweza kula kinachomuua mtu. Kuchemsha na kumwaga maji pia hakuondoi kila sumu.

Nunua kwa mama unayemfahamu, anayechuma mwenyewe, tena bowa mzima, si vipande. Muulize ameutoa wapi. Bowa hunyonya metali za ardhini. Kwetu, penye migodi na mirundo ya mabaki yake, usile uliochumwa karibu na machimbo wala kandokando ya barabara kubwa.

Usimpe mtoto mdogo bowa ambao wewe mwenyewe hujawahi kuula. Na ukiula aina mpya, kula kidogo, bila kuchanganya na nyingine.

Mtu akitapika au kuharisha baada ya kula bowa, usingoje, usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Mpeleke kituo cha afya, na uchukue bowa uliobaki, hata kama ni maganda. Kuna sumu ambayo dalili zake huchelewa saa 6 mpaka 24, halafu mgonjwa huonekana amepona siku moja, kumbe ini linaharibika. Aliyeonekana amepona naye apelekwe.

Tulirudi barabarani jua likiwa juu, mabeseni manne vichwani. Dereva wa lori akasimama akanunua moja, familia moja ya Likasi ikanunua la pili. Yule mama alihesabu franka zake, akazigawa katika mafundo matatu ya kitenge: la kula, la nauli, na la tatu akalifunga mara mbili. "Hili ni la madaftari na sare," akasema. Nikakumbuka barua yangu na nikaona aibu. Nilikuwa nimemwandikia kana kwamba hajali shule, kumbe alikuwa akiitafuta msituni.

Lakini aibu ya mwalimu haimfaulishi mtoto mtihani, basi tukazungumza. Tulikubaliana hivi: mtoto ataandamana na mama Jumamosi peke yake, na atarudi mjini jioni ile ile. Ijumaa na Jumatatu ni za shule. Mzigo ambao mtoto alikuwa anabeba, wifi yake atausaidia. Na sisi walimu wanne wa kike tulikubali kuagiza mabeseni mawili kila juma, moja kwa moja kwake, ili asilale barabarani akingoja wanunuzi. Si jambo kubwa. Lakini tangu juma lile daftari langu limejaa katika nafasi zile mbili.

Sasa tuingie jikoni, kwa maana najua wengi wenu mlikuwa mnangoja hapa.

Bowa kwetu tunaupika kwa nyanya na kitunguu, au kwa kalanga iliyotwangwa, tunaula na bukari, na hakuna aliye na neno baya juu yake. Supu nzito ya uyoga, ile laini kama uji ambayo watu huanza nayo chakula kwenye karamu, niliionja mara ya kwanza nilipokuwa mwanafunzi, katika harusi. Niliandika namna ya kuipika katika daftari: uyoga wa kopo, krimu ya maziwa, siagi. Krimu ya kopo ni ghali, na uyoga wa kopo hauna ladha ya kitu. Kwa hiyo nimeirekebisha mpaka inapikika katika nyumba ya kawaida, kwa mbabula moja.

Kwa watu sita tafuta: bowa mbichi nusu kilo (bwitondo unafaa zaidi, unaipa supu rangi ya dhahabu), kitunguu kikubwa 1, punje 2 za kitunguu saumu, viazi ulaya 2 vya wastani, vijiko 3 vya siagi au mafuta, vijiko 2 vya unga wa ngano, lita 1 ya maji ya moto, vijiko 6 vya maziwa ya unga, chumvi na pilipili manga.

Kwanza, safisha. Kata sehemu ya chini yenye udongo. Osha haraka katika maji mengi, mara mbili au tatu, ukiinua bowa kwa mikono ili mchanga ubaki chini ya beseni. Usiuloweke, maana unakunywa maji kama sifongo na ladha inapotea.

Pili, kausha juu ya moto. Weka bowa uliokatwakatwa katika sufuria bila mafuta. Utatoa maji yake mwenyewe. Koroga mpaka maji hayo yakauke, kama dakika 10. Hapa ndipo wengi wanakosea kwa haraka. Maji yakibaki, supu inakuwa na ladha ya mvua. Toa vijiko vichache vya bowa, uviweke kando kwa ajili ya mwisho.

Tatu, tia siagi, kitunguu na kitunguu saumu. Vikilainika, nyunyiza unga wa ngano na ukoroge dakika 2 ili ubichi wa unga uishe. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, la sivyo utapata mabonge. Tia viazi vilivyokatwa vidogo na chumvi.

Nne, funika, punguza makala, acha ichemke taratibu dakika 25. Bowa wa msituni hauliwi mbichi wala nusu mbichi. Ukifunika vizuri, makala uliyowashia mwanzo yanatosha mpaka mwisho. Haina haja ya kuongeza.

Tano, saga. Umeme ukiwapo, tumia mashine. Ukikosekana, kinu na mchi vinafanya kazi ile ile, na mimi napenda zaidi ya kinu kwa sababu vipande vidogo vinabaki kidogo mdomoni.

Sita, maziwa. Yakoroge katika glasi moja ya maji ya vuguvugu. Epua sufuria kwanza, tia vijiko vichache vya supu ya moto ndani ya maziwa, koroga, ndipo umimine yote katika sufuria. Irudishe juu ya moto mdogo, lakini isichemke tena. Mara yangu ya kwanza nilitia maziwa katika supu inayotokota, tena nilikuwa nimeweka nyanya. Maziwa yakakatika vipande vipande, mbele ya mama mkwe wangu. Alikula bila kusema neno, akamaliza, halafu akaniuliza kwa upole kama ile ilikuwa supu au jibini. Basi, nyanya usiweke, na limau kila mtu ajikamulie kidogo katika sahani yake.

Mwisho, gawa supu, juu yake weka bowa uliouweka kando, nyunyiza pilipili manga. Mkate, kiazi kitamu au muhogo uliochemshwa, vyote vinakwenda nayo.

Asiye na maziwa atwange nusu glasi ya kalanga mbichi mpaka iwe unga laini, aitie pamoja na viazi, aache ichemke dakika zile 25. Ni nzito na tamu vilevile, na watoto wangu wanaipenda kuliko ile ya maziwa. Na aliye na bowa mwingi aukate vipande vyembamba, aukaushe kwenye jua siku ambayo mvua imepumzika, auhifadhi katika chombo kikavu. Kiangazi atauloweka nusu saa katika maji ya vuguvugu na kupika hivyo hivyo.

Jumapili ile niliipika na nikawaalika yule mama na binti yake. Mtoto alikula polepole, akatafuta kwa kijiko, halafu akasema, "Madamu, humu hamna bowa." Mama yake akamwambia aonje tena. Akaonja, akafumba macho, akacheka: "Umo. Umejificha."

Baada ya kula tulikaa kando ya mbabula. Makala yalikuwa bado mekundu, yanatosha kuchemsha chai. Yule mama aliyatazama muda mrefu.

"Hii ni mutobo," akasema. "Makala ya mutobo yanachelewa kuzimika."

Nikajua hesabu aliyokuwa akiifanya, maana nilikuwa naifanya na mimi: mti mmoja, magunia mangapi, mabeseni mangapi, masika mangapi. Mume wake hana kazi nyingine, na mimi sina jiko jingine. Tangu siku hiyo nimenunua mbabula ya udongo, ambayo inakula makala machache zaidi, na gunia langu linakwenda siku kadhaa kuliko zamani. Naye ameniambia kwamba amemwomba mume wake aache sehemu moja ya msitu, ile tuliyochuma siku ile, asiiguse kiangazi kijacho. Mume hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Katika mkutano wetu ujao ningependa tuzungumze juu ya mambo mawili: nani kati yetu angeweza kuagiza bowa kwa wachumaji juma kwa juma, na nani anafahamu fundi mzuri wa mbabula za udongo. Nitaleta chungu cha supu. Njooni na sahani zenu.